Majibu ya Mtu Anayeishi Peke Yake

Kwa miaka kumi na miwili nimefundisha Kiingereza katika chumba kimoja juu ya duka la dobi, karibu na geti la pili la eneo la viwanda hapa Changwon, na katika muda huo nimetengeneza watu kama mia tatu wanaoishi peke yao. Wengi wao wana wake au waume, watoto wa shule, wakwe wanaolala chumba cha pili. Lakini wakikaa mbele ya kompyuta ya mtihani wa kuongea, wote wanaishi peke yao, hawana kazi, na kila jioni wanatembea katika bustani ileile.

Tak Hyang-suk alikuwa mmoja wao. Namkumbuka zaidi ya wengine, na si kwa sababu ninayoweza kujivunia.

Alikuja kwangu mwezi wa nane akiwa na miaka arobaini na minane, bado amevaa jaketi la kiwandani lenye jina lake kifuani. Chumba kilikuwa kitupu, lakini alikwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha vipuri vya breki. Aliingia pale akiwa na miaka kumi na tisa, moja kwa moja kutoka sekondari ya biashara, kwa sababu nyumbani kwao waliweza kumpeleka chuo kikuu mtoto mmoja tu, na mtoto huyo akawa mdogo wake wa kiume. Sasa alikuwa msaidizi wa meneja, na alikuwa msaidizi wa meneja kwa miaka kumi na moja. Ili awe meneja alihitaji ngazi fulani katika mtihani wa kuongea Kiingereza. Alishaufanya mara nne na mara zote nne aliishia ngazi moja chini yake. Orodha ya wanaopandishwa ilifungwa mwanzoni mwa Desemba. Kwa utaratibu wa kiwanda chao, mtu akifikisha miaka kumi na miwili katika ngazi moja, jina lake haliingii tena kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au basi.

Alikuja na begi la madaftari. Niliyahesabu baadaye: thelathini na moja. Zamani shuleni mwalimu wao aliwaadhibu kwa kuwaamuru wajaze karatasi maneno ya Kiingereza, neno juu ya neno, mpaka weupe wa karatasi usionekane tena. Wenzake waliichukia adhabu hiyo. Yeye aliizoea, akaendelea nayo hata baada ya kuanza kazi, usiku wa zamu na siku za mapumziko, na karatasi zake zilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Msamiati wake ulikuwa mpana kuliko wangu nilipomaliza chuo. Sarufi yake haikuwa na doa. Nilimuuliza kwa Kiingereza alifanya nini asubuhi ile. Akawa mwekundu mpaka shingoni, akachukua kalamu, akaandika jibu kwenye kipande cha karatasi na kunisogezea. Lilikuwa sahihi kila herufi.

"Sema," nikamwambia.

Akatikisa kichwa.

Siku ya tatu ndipo aliponieleza kilichomleta. Kulikuwa na mkutano wa video na wanunuzi wa Meksiko kuhusu ufa uliokutwa kwenye kipande cha breki, ufa mwembamba kuliko unywele. Yeye ndiye aliyeugundua. Mkuu wake wa kitengo, Meneja Ma Jae-hun, kijana wa miaka thelathini na minne ambaye Hyang-suk mwenyewe alimfundisha kushika kipimo, aligeuza kamera kumwelekea.

"Haya, dada Tak, waelezee mwenyewe. Ni kazi yako hii."

Akasimama. Maneno yote aliyoyahitaji alikuwa nayo, aliniambia, yalikuwa yamejipanga kabisa. Mdomo ukakataa. Meneja Ma akangoja kidogo, akacheka kwa pua, akaeleza yeye, na wale wa Meksiko wakamshukuru yeye kwa jicho lake kali. Wakati wa chakula cha mchana, mbele ya meza nzima, Ma akamwambia, "Dada Tak, hayo madaftari yako unamtunzia nani? Au tuyaweke kwenye jeneza lako?"

"Watu wakacheka?" nikauliza.

"Wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, mwalimu. Mpaka nikatoa machozi, ili waone kweli nimefurahi."

Basi nikampa karatasi yangu ya majibu.

Lazima niieleze hiyo karatasi. Kabla ya maswali yenyewe, kompyuta hutaka kukujua. Inakuuliza unafanya kazi au hufanyi, unaishi na nani, unapenda nini wakati wa mapumziko, na kutokana na majibu hayo inachagua itakuuliza nini. Walimu wote wa mtihani huu wanajua njia ya kupita: jibu kwa namna itakayoleta maswali machache na mepesi, halafu kariri majibu. Huna kazi. Unaishi peke yako. Unapenda kutembea bustanini na kusikiliza muziki. Hakuna anayeona huo ni uongo. Ni kama kuchagua foleni fupi sokoni.

Hyang-suk aliisoma ile karatasi akiwa amekunja uso. "Sina kazi? Mwalimu, nina miaka ishirini na tisa kiwandani."

"Kompyuta haina habari hiyo. Ukisema una kazi, itakuuliza kuhusu bosi, mashine, ofisi, mpaka uchanganyikiwe."

"Naishi peke yangu?"

"Ukisema unaishi na familia itataka kujua kila mmoja anafanya nini nyumbani, mligombana lini, mkapatana vipi."

"Familia yenyewe ni mama tu. Tuko wawili."

"Basi huyo mama mmoja ana maswali sita," nikasema.

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aje. "Kweli kabisa. Ana maswali sita kabla sijavua hata viatu."

Tukacheka pamoja. Ndivyo tulivyomtoa mama yake ndani ya nyumba, kwa utani, nikiwa nakunywa chai ya shayiri.

Katika majibu yale kulikuwa na sentensi moja niliyoipenda. Wasahihishaji huvutiwa na mtu anayeongea kama mwenye lugha, kwa hiyo kila karatasi yangu ilikuwa na misemo miwili mitatu ya Kiingereza cha kweli, ya mitaani. Sentensi hiyo, ukiileta kwa lugha yetu, ilisema: sina mtu wa kunisubiri nyumbani, kwa hiyo natembea mpaka giza liingie. Niliijenga juu ya msemo mzuri sana, na sikuutoa kitabuni. Niliutoa kwangu mwenyewe, jioni moja, nikiwa narudi. Watu mia tatu wamepita mtihani ule wakiisema jioni yangu hiyo.

Hyang-suk alikariri kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu hadi saa kumi na mbili na nusu, jikoni, kwa sauti. Ndiyo njia yake pekee. Mama yake alikuwa amehamia kwake miaka mitatu nyuma kutoka kisiwani Namhae, baada ya kuvunjika nyonga shambani, na saa hiyo alikuwa macho tayari, amekaa kwenye sakafu yenye joto akimenya vitunguu saumu. Hyang-suk alinisimulia haya kwa furaha yenye aibu kidogo.

"Anasema nasikika kama redio. Jana nilikwama katikati, mwalimu, na yeye akanitajia neno linalofuata! Hajui hata maana yake. Akalitamka tu, na kisu mkononi."

"Ana masikio mazuri."

"Mdogo wangu akipiga simu, hamwachi aongee. Kazi ni kumwambia, 'Dada yako anaongea Kizungu humu ndani, sisikii hata televisheni.'"

Sasa, kila Jumatano saa nane mchana huwa najitolea kufundisha katika kituo cha wazee cha mtaa wetu. Hawataki mtihani wale. Wanataka kusoma mabango, kwa sababu siku hizi mji wetu wote umeandikwa Kiingereza, kuanzia duka la mkate hadi majina ya maghorofa. Bibi mmoja pale ana mzaha wake wa kila wiki: "Watoto wetu wanayapa maghorofa majina ya kigeni ili mama mkwe apotee njia." Na mwenzake hujibu, "Mimi nilipotea, nikaja na dada yangu kunisaidia kusoma. Sasa mkwe wangu ana mama mkwe wawili."

Mwezi wa tisa alijiunga mama mmoja wa miaka themanini na mmoja anayetembea kwa kusukuma kigari. Jina lake Bae Jeom-rye. Ana mikono yenye harufu ya vitunguu saumu, na nilipaswa kuelewa hapo hapo, lakini mji huu una mama wengi wenye mikono kama hiyo, na kwetu mke habebi jina la ukoo la mume, kwa hiyo jina halikuniambia kitu.

Katikati ya Oktoba nikawaambia wazee, kila mtu aseme jambo moja la Kiingereza analolijua. Wakasema choo, kahawa, punguzo la bei. Mzee Seol, ambaye ujanani alifanya kazi stoo katika kambi ya Wamarekani kule Busan, akasema tusi, darasa likacheka bila kulielewa. Ikafika zamu ya mama Bae. Akasimama, akaweka mikono tumboni kama msichana wa shule, akasema sentensi nne mfululizo bila kupumzika.

Anaishi peke yake katika nyumba ndogo. Hana mtu wa kumsubiri nyumbani. Anatembea bustanini mpaka giza liingie. Amezoea.

Zilikuwa sentensi zangu. Zilikuwa na sauti ya Hyang-suk ndani yake, hata pale anapovuta pumzi. Nilihisi damu yote ikinipanda usoni.

Wazee wakapiga makofi. "Umeyatoa wapi hayo!" "Huyu si mwenzetu, ni balozi!"

"Ya binti yangu," mama Bae akasema, na uso wake wote ulikuwa unang'aa. "Anasoma kwa mwalimu mmoja juu ya duka la dobi. Hodari sana, huyo mwalimu. Mimi nimeokota tu." Kisha akanigeukia. "Mwalimu Pyo, nimesema nini?"

Ningeweza kumwambia ukweli, nikaeleza utaratibu wa mtihani, nikaufanya kitu cha kuchekesha kama nilivyoufanya kwa binti yake. Badala yake nikasema, "Umesema una nyumba nzuri, na jioni unapenda kutembea bustanini."

"Ndiyo hivyo tu? Ilikuwa ndefu."

"Kiingereza kina maneno mengi."

Mzee Seol alinyanyua kichwa. Alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Kwetu mwanafunzi hamsahihishi mwalimu mbele ya watu, hata kama mwanafunzi ana miaka themanini na mitatu na mwalimu anadanganya waziwazi. Nilijua hatasema. Niliitegemea heshima yake, nikaitumia. "Tufungue ukurasa wa tisa," nikasema.

Baada ya darasa niliwaona wawili hao kwenye mashine ya kahawa koridoni. Mama Bae alikuwa amemshika mzee mkono wa koti. Mzee Seol alikuwa anaangalia chini, akizungusha kikombe cha karatasi. Nilipita haraka kama mtu anayewahi basi. Wiki iliyofuata mzee alinisubiri mlangoni.

"Aliniuliza, mwalimu," akasema. "Nimdanganye mtu wa umri ule? Nimemwambia ilivyo."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, 'Peke yake kabisa?' Nikamwambia kabisa. Akasema, 'Haya.' Akanywa kahawa yake."

Mama Bae mwenyewe aliingia darasani siku hiyo, akaniinamia kwa adabu ileile, akafungua daftari. Nami nikaanza somo bila kumweleza. Wala sikumwambia Hyang-suk, aliyekuja kwangu mara tatu kwa wiki na ambaye sasa alikuwa anaenda vizuri kuliko wakati wowote. Nilijiambia kwamba mtihani uko karibu, kwamba nikimwambia atavurugika. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini nilikuwa nayo nyingine: nikimwambia, itabidi nimwambie pia nilichofanya mimi.

Mwanzoni mwa Novemba Hyang-suk akaniambia, "Mama ameanza mazoezi. Kila alfajiri anashuka chini na kigari chake, anarudi nikiwa nimemaliza kukariri. Daktari amekuwa akimsihi miaka yote, leo ndio anasikia."

"Baridi hii?" nikauliza.

"Nimemnunulia koti zito. Anasema hewa ni nzuri."

Nilihisi kitu. Sitasema nilijua, lakini nilihisi, na nikamwambia afungue karatasi ya tatu.

Mtihani ulikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Jumatano ya wiki ile, alfajiri, Hyang-suk aliacha kukariri katikati ili apeleke mabaki ya chakula kwenye pipa chini, kwa sababu siku iliyotangulia walikuwa wametengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha ya majira ya baridi, na jikoni kulikuwa kunanuka. Kando ya pipa kuna benchi, chini ya kibanda cha baiskeli. Mama yake alikuwa amekaa pale, koti limefungwa mpaka kidevuni, kifuko cha joto mikononi. Hakuwa anafanya mazoezi yoyote.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nakupisha."

"Kunipisha nini?"

"Wewe si unaishi peke yako saa hizi? Nikiwa ndani ninaharibu." Aliyasema haya, Hyang-suk aliniambia, bila kinyongo hata kidogo, kwa sauti ambayo angesema wali umeiva. "Na tangu nishuke hukwami tena. Nakusikia kwa dirisha la jikoni. Sehemu ya bustani unaisema vizuri sana siku hizi."

Hyang-suk alibaki amesimama na ndoo. "Nani amekwambia maana yake?"

"Mzee Seol wa kituoni. Mwalimu alitaka kunifichia, maskini. Mwalimu Pyo, wa Jumatano."

"Mama, ni ya mtihani tu. Kila mtu anasema hivyo. Hata wenye watoto watano wanasema hivyo."

"Najua. Nimeelezwa. Wewe sema hivyohivyo."

"Twende juu."

"Malizia kwanza. Umebakiza sehemu ya muziki."

Alhamisi jioni Hyang-suk aliingia chumbani kwangu na hakukaa kiti cha nyuma. Alikaa mbele, karibu nami kabisa, akanisimulia yote haya kuanzia pipa. Kisha akauliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu katikati ya Oktoba."

Akahesabu kimyakimya. Angenipigia kelele ingekuwa afadhali. Mimi ni mdogo kwake kwa miaka mitano, lakini tangu siku ya kwanza aliniita mwalimu na kuniinamia, na hata jioni ile hakuacha.

"Mwalimu, nilikuambia anafanya mazoezi. Nilikuambia hapahapa."

"Uliniambia."

"Ukaniambia nifungue karatasi ya tatu."

"Nisamehe."

Alitoa ile karatasi yake kwenye begi, imechakaa kwenye mikunjo, akaiweka mezani katikati yetu. "Niandikie nyingine. Yenye mama ndani."

"Mtihani ni keshokutwa, dada." Sikuwahi kumwita dada kabla ya hapo. "Utafeli. Na mwakani hakuna."

"Nataka kujua tu kama inawezekana."

Tukajaribu. Nikamuuliza kwa Kiingereza, polepole, kama kompyuta inavyouliza: nieleze kuhusu mtu unayeishi naye. Akaanza. Mama yangu, akasema. Akasimama hapo. Nilingoja. Mama yangu, akasema tena. Maneno alikuwa nayo. Nilishayaona kwa macho yangu kwenye madaftari yale, nyonga, kitunguu saumu, ngazi, kustahimili, kila moja limeandikwa mara hamsini. Dakika mbili nzima za majibu zikapita kwenye saa ya ukutani na hakuongeza neno la tatu. Nikamuuliza basi kuhusu bustani, sijui kwa nini, labda kumwokoa. Zikamtoka papo hapo, sentensi nne, laini, na ule msemo wangu mahali pake, na nilimwona mwenyewe akizisikia zikitoka.

Akainuka, akaikunja karatasi ya zamani, akairudisha kwenye begi.

"Mama ameniapisha," akasema akiwa mlangoni, kama anayejieleza kwa mtu mwingine asiyekuwepo. "Amesema nikimtaja nikafeli, atarudi Namhae kuishi peke yake kikweli."

Matokeo yalikuja kwa simu Ijumaa iliyofuata, wakati wa mapumziko ya saa nne. Alipata ngazi aliyoihitaji, na moja juu yake. Jina lake likaingia kwenye orodha, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa Meneja Tak. Idara ilimletea chungu cha maua ya okidi chenye utepe. Ma Jae-hun alimwita kwa cheo mbele ya wote, akaongeza kwamba sasa itabidi wafiche madaftari yao wenyewe, wakacheka. Hyang-suk aliniandikia haya kwa ujumbe mfupi, pamoja na asante. Kwa kawaida matokeo mazuri huwa nayabandika ukutani, jina na ngazi, yavute wanafunzi wapya. Lake sikulibandika. Lakini karatasi bado naitoa. Ndiyo inayolipa kodi ya chumba, na wanafunzi wakicheka kwenye swali la familia, nacheka nao kidogo.

Mama Bae alileta kituoni keki za mchele za kugawia darasa zima, nyeupe na za kunde nyekundu, bado za moto kwenye kitambaa. "Binti yangu amekuwa meneja," aliwaambia, mmoja mmoja, akizunguka na kigari. "Kwa Kiingereza. Kula, kula, usinibakizie."

"Na wewe umekuwa nani?" yule bibi wa mzaha akamuuliza.

"Mimi? Mama wa meneja. Kazi ileile, vitunguu vilevile."

Nilimngoja koridoni baada ya darasa. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi kwa wiki tatu, na nilipoinama mbele yake yakaja yote kwa pamoja, yamechanganyika, kuhusu siku ile ya Oktoba na yule mwalimu wa juu ya dobi kwamba ni mimi. Alikuwa ameshajua. Alinishika kiwiko, akaninyanyua kama mtu anavyomnyanyua mtoto aliyejikwaa.

"Ulinihurumia, mwalimu. Nilikuona. Uso ulikuwa mwekundu kama pilipili." Kisha akanitazama vizuri. "Lakini siku nyingine niambie tu. Kuachwa nje ya yale maneno si kitu. Kusimama pale napigiwa makofi, na mtu mmoja anajua, hilo lilinikaa."

Alivuta kigari chake, akaenda zake kwenye lifti. Jumatano iliyofuata alikuja kama kawaida, akaniletea kahawa ya mashine, yenye sukari nyingi. Nimekuwa nikiinywa yote kila wiki, ingawa sinywi sukari.

Hyang-suk alikuja mara moja tu, wiki moja kabla ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na boksi la mapeasi, kama mtu anavyompelekea mwalimu wake. Hakuvua koti. Nilimuuliza habari za kazi, akasema wale wa Meksiko wamepiga tena na ameweza kuwaeleza kidogo, si sana, Ma alimalizia. Nikamwambia polepole maneno yatakuja. Chini dobi alikuwa anapiga pasi, mvuke ulikuwa unapanda mpaka dirishani.

"Siku ile kwenye mtihani," akasema, "lilipokuja lile swali, unaishi na nani, nilijua mkono utatetemeka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilisema nitaona mkono wenyewe utakavyokataa." Aliangalia mkono wake, ulio na kovu la zamani la mashine kwenye kidole gumba. "Haukutetemeka, mwalimu. Nilibofya kama ninavyobofya saa ya kuingia kazini. Na nilipoanza kuongea, kwa dakika zile, niliona ile nyumba ndogo. Ilikuwa safi. Nilitembea mule bustanini na sikumkumbuka mtu."

Ile nyumba naijua, nilimpa mimi.

"Bado anashuka alfajiri?" nikauliza mwishowe.

"Kila siku. Nimemwambia mtihani umekwisha, anasema amezoea hewa."

"Nawe unashuka naye?"

Alisogeza boksi la mapeasi kidogo, likae sawa na ukingo wa meza. "Mara mbili. Tulikaa pale kwenye benchi. Hatukuwa na la kuongea, hata kwa lugha yetu. Mara ya pili akaniambia nipande, meneja hachelewi kazini. Nikapanda." Akaanza kufunga vifungo vya koti, kuanzia chini. "Nilipanda upesi, mwalimu. Nilifurahi kuambiwa."